Uchungu, Maumivu na Nafuu: Lugha ya Tiba Shufaa katika Mukuru kwa Njenga

Tiba shufaa ni istilahi itumikayo Tanzania kwa tiba ya kumpunguzia mateso mwenye maradhi mazito, hata yasiyoponyeka. Nchini Kenya, Nairobi Hospice ilianzishwa kwa kazi hiyo mwaka 1990. Miongoni mwa stadi zinazomlazimu daktari wa huduma za msingi ni kupima maumivu na kueleza habari nzito. Zote mbili ni kazi ya lugha. Mfano mzuri ni Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda ulio karibu na Eneo la Viwanda, Nairobi, ambapo Kiswahili huwaunganisha watu wa lugha mama mbalimbali.

(1) Nasikia uchungu.

Katika Kiswahili sanifu, uchungu ni ladha ya shubiri, tena ni huzuni, tena ni maumivu ya uzazi. Nairobi neno hili hubeba pia maumivu yote ya mwili. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa aina hii ni ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho kwa pamoja. Sentensi (1) imekwisha kuyakusanya; ni juu ya daktari kuyatenganisha kwa kuuliza: "Uchungu wa mwili, mama, au wa moyo?" Anayelia kwa sababu ya kodi ya chumba hatatulizwa kwa mofini.

(2) Panauma.
(3) Panachoma kama moto.

Kitenzi uma hakibainishi aina ya maumivu. Choma, waka na dunga, pamoja na kufa ganzi, mara nyingi huashiria maumivu ya neva. Hayo huweza kuhitaji dawa kama amitriptilini, mbali na zile za ngazi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1986, kuanzia parasetamoli hadi mofini. Daktari anayevifasiri vitenzi hivi vyote kwa neno moja la Kiingereza hupoteza dalili.

(4) Atapata nafuu.
(5) Atapona.

Nafuu ni kupungukiwa na maumivu. Kupona ni kuondokewa na maradhi. Lakini jamaa aliyeambiwa (4) huweza kusikia (5), akauza shamba la nyumbani kutafuta tiba isiyokuwapo. Heri daktari aseme yote mawili: "Ugonjwa hautaondoka, maumivu tutayapunguza." Kisha amwombe jamaa aeleze alivyoelewa. Usemi "hakuna la kufanya" si wa kweli, kwani la kufanya lipo.

Basi kazi ya istilahi za tiba isiishie kwenye majina ya maradhi. Vitenzi vya mgonjwa navyo vikusanywe, tena vikusanywe mtaani.