Damu Isubiri Mgonjwa

Mtoto wa mkulima wa Mbulu huumwa koo. Nyumbani huambiwa ni mafindofindo tu, yatapita. Koo hupona, lakini nyuma yake huweza kuja homa ya rumatiki, nayo ikirudi mara kwa mara huharibu milango ya moyo, ile ambayo madaktari huiita valvu. Miaka ikipita, kijana yule hawezi kupanda kilima wala kushika jembe bila kutweta.

Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa wilayani humo mwaka 1955, ni kimbilio la wagonjwa wengi wa nyanda zile. Lakini kubadili mlango wa moyo ni kazi ya hospitali chache kubwa. Kazi ya kufungua moyo ilianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Yafaa tujue hatari iliyopo mezani. Wakati wa upasuaji moyo husimamishwa, na mashine huzungusha damu badala yake. Ili damu isigande mashinani, mgonjwa hutiwa dawa ya heparini. Mwisho hutiwa protamini ya kuitangua. Damu kidogo kuvuja si ajabu. Lakini mara chache sana, mlango wa kushoto ukiisha kubadilishwa, ukuta wa nyuma wa moyo hupasuka pale chumba cha juu kikutanapo na cha chini. Damu hububujika kutoka mahali pasipoonekana. Kushona kwa nje kwa pupa, moyo ungali ukipiga, huweza kuzidisha ufa. Mara nyingi hapana budi kumrudisha mgonjwa kwenye mashine, kuusimamisha moyo, kuutoa mlango mpya, na kuziba ufa kwa kiraka kutoka ndani. Hata hivyo, wengi hufa.

Ustadi huo wote ni bure ikiwa sanduku la barafu ni tupu. Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Mtoaji mmoja hutoa mililita 450. Anayepoteza lita mbili ahitaji ndugu watano, nao wawe wamekwisha kutoa kabla yeye hajalala mezani. Tena damu haiwekwi milele: chembe nyekundu hudumu wiki tano au sita, na chembe sahani siku tano hivi.

Tumezoea kuwaachia wanafunzi mzigo huu, na shule zikifungwa akiba hupungua. Hiyo si haki. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa damu kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Nani katika kiwanda, ofisi au shamba aweza kusema hana nafasi?

Basi wajibu wetu ni wa namna mbili. Mtoto aumwaye koo apelekwe zahanati mapema, maana penisilini huizuia homa ile isianze. Na kwa yule ambaye moyo wake umekwisha kuharibika, sisi wazima tutoe damu sasa. Damu ndiyo impasayo kumsubiri mgonjwa; mgonjwa hawezi kuisubiri damu.