Kiungo Kimoja Kati ya 146

Hemoglobini, protini inayozipa chembe nyekundu za damu rangi yake, imeundwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta, na kila mnyororo umejikunja kukizunguka kipande kiitwacho hemu, chenye madini ya chuma yanayoishika oksijeni mapafuni na kuiachia mwilini. Mnyororo wa beta una viungo 146 vinavyoitwa asidi amino, vilivyofuatana kama shanga zilizotungwa uzini, na mfuatano huo ndio unaoamua mkunjo wake na hatimaye kazi yake.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu, yaani ugonjwa wa chembe nyekundu kupinda kama mundu, ina chaji ya umeme tofauti na ya kawaida. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akabainisha kuwa katika nafasi ya 6 ya beta asidi ya glutamiki imeondoka na valini imekaa mahali pake. Glutamiki ina chaji na hupatana na maji, ilhali valini huyakimbia maji kama mafuta.

Nafasi hiyo iko nje ya molekuli, mbali na hemu, kwa hiyo si kweli, kama wengi wadhanivyo, kwamba hemoglobini hiyo imeshindwa kubeba oksijeni. Balaa huanza oksijeni ikishaachiwa, kwa sababu molekuli hubadili umbo, kishimo hufunguka katika beta ya molekuli jirani, na valini, ikitafuta pa kujificha na maji, hujipenyeza humo. Molekuli hushikamana zikawa nyuzi ndefu, na chembe hupinda kama mundu, ikakakamaa na kuziba mishipa midogo. Chembe iliyopaswa kuishi siku 120 hufa ndani ya siku 10 hadi 20.

Pahala hapohapo pakikaliwa na lisini, kama ilivyo kwa baadhi ya watu wa Afrika Magharibi, nyuzi hizo hazijengeki na madhara huwa madogo. Lakini histidini, asidi amino inayokishikilia chuma cha hemu, ikibadilishwa na tairosini, chuma huharibika, oksijeni haishikwi, na ngozi huwa na rangi ya samawati.

Kichanga mwenye selimundu haonyeshi dalili miezi ya mwanzo, kwa kuwa hemoglobini yake ya tangu tumboni mwa mama hutumia mnyororo wa gama badala ya beta. Dawa ya haidroksiyurea humsaidia mgonjwa hasa kwa kuufanya mwili uitengeneze tena hemoglobini hiyo.