Breki za Baiskeli Wakati wa Baridi: Tuchague Mafuta Gani?

Katika miezi ya Juni na Julai wakazi wa nyanda za juu za Makete huamka na kukuta sakitu juu ya majani. Ni miezi hiyo ambayo ofisi ya miradi hupokea malalamiko mengi kuhusu baiskeli za wahudumu wetu: mkono wa breki unarudi polepole, au ukibanwa unazama hadi kwenye usukani.

Baadhi ya baiskeli tulizoletewa na marafiki zetu wa Ulaya zina breki za hidroliki, yaani zinazosukumwa na mafuta badala ya waya. Mwaka jana mwinjilisti mmoja aliteremka mlima akiburuza miguu chini kwa sababu breki ya mbele haikushika. Alifika salama, tunamshukuru Mungu. Wengi walilaumu baridi. Tulipoifungua breki tulikuta fundi alijaza mafuta ya breki ya gari, wakati baiskeli ile ilihitaji mafuta ya aina nyingine kabisa.

Aina mbili zisizochanganyika

Aina ya kwanza ni mafuta ya DOT, yale yale yanayotumika kwenye magari na pikipiki. Yana madaraja: DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1. Aina ya pili ni mafuta ya madini, ambayo hutumika katika breki za Shimano na Magura. Kampuni ya SRAM kwa miaka mingi ilitumia DOT, lakini tangu 2022 baadhi ya breki zake hutumia mafuta ya madini. Kwa hiyo jina la kampuni peke yake halitoshi.

Raba za ndani ya breki hutengenezwa kwa ajili ya aina moja tu. Zikikutana na aina nyingine huvimba, pistoni hukwama, na breki huacha kushika au hushika bila kuachia. Hapo kumwaga mafuta na kujaza mengine hakutoshi. Raba zote lazima zibadilishwe.

Baridi inafanya nini?

Mafuta yakipata baridi huwa mazito, kama asali, na mkono wa breki huchelewa kurudi. Kipimo cha DOT hufanywa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo DOT 4 inaruhusiwa uzito wa hadi 1,800, na DOT 5.1 hadi 900 tu. Maana yake, kwa anayeendesha baiskeli wakati wa baridi kali kaskazini mwa Finland au Alaska, DOT 5.1 inafaa zaidi. Mafuta ya madini hayana kipimo kimoja cha pamoja; kila kampuni ina yake.

Baridi ya Makete haifiki huko. Kwetu adui mkubwa ni maji. DOT hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi, lakini ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. Mafuta ya madini hayanyonyi maji. Maji yakiingia hukaa chini, karibu na gurudumu. Usiku wa sakitu yanaweza kuganda. Mchana, kwenye mteremko mrefu, diski hupata moto na maji hayo huweza kuchemka. Mvuke hubanika, mafuta hayabaniki. Ndiyo maana mkono huzama na breki haishiki.

Ushauri kwa kamati za sharika

1. Kabla ya kununua, someni maandishi kwenye kifuniko cha chombo cha mafuta, kwenye mkono wa breki. Rangi ya mafuta isiwe kigezo.
2. Palipoandikwa DOT 4, mnaweza kutumia DOT 5.1. Msitumie DOT 5: ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine ingawa majina yanafanana.
3. Palipoandikwa mafuta ya madini, tumieni ya kampuni ileile. Mafuta ya kupikia au ya injini hayafai kamwe.
4. Mafuta ya DOT yabadilishwe mara moja kwa mwaka, ikiwezekana mwezi Mei, kabla ya baridi. Kikopo kilichokaa wazi muda mrefu kisitumike.
5. Fundi atoe upepo wote. DOT ikidondokea rangi ya baiskeli, ioshwe mara moja kwa maji.

Kwa wafadhili wetu

Mnapotuma baiskeli yenye breki za hidroliki, tafadhali tumeni pamoja nayo chupa ya mafuta yake na raba za akiba, na mfunge kwenye usukani karatasi yenye jina la mafuta hayo. Kama hayapatikani kwa urahisi, tumeni baiskeli yenye breki za waya. Waya hupatikana kwa fundi yeyote kijijini, na mhudumu atateremka mlima akiwa na uhakika wa kusimama.