Tunachongoja katika Tenchu

Hebu tuulize: mpenzi wa Tenchu anayengoja toleo jipya anangoja nini hasa? Kisa? Sidhani. Gemu hii ya Kijapani ilianza 1998, na ninja wake wawili, Rikimaru na Ayame, ni watumishi watiifu wa Bwana Gohda. Kimaudhui hakuna la ajabu. Utamu umo katika fani. Mchezaji amejibanza juu ya paa: anamwona mlinzi, mlinzi hamwoni. Chini ya skrini kuna tarakimu inayopanda kadiri adui anavyokaribia. Basi! Tarakimu ile tu hujenga taharuki ambayo mtunzi wa riwaya huihangaikia sura nzima.

Wapo wanaodai kiu yetu ilikatwa mwaka 2019 na Sekiro, gemu ya FromSoftware ambayo wazo lake la awali lilikuwa kuiendeleza Tenchu. Sikubaliani nao. Sekiro inaruhusu kunyata, ndiyo, lakini moyo wake ni upanga kwa upanga. Tenchu nayo ina mapambano ya ana kwa ana (na hapo, jamani, ndipo inapochosha), ila mlinzi akikuona, umeshaharibu kazi. Shadow Assassins ya 2008 ilikaza zaidi: ukionekana huna upanga, unarudishwa nyuma. Toleo jipya likimpa mchezaji nguvu za kuwafyeka walinzi wote mchana kweupe, atajibanza ili iweje?