Habari za televisheni ya jimbo: aliye mbali na mji anazitazama wapi?

Saa mbili ya usiku Kinshasa ni saa tatu Goma. RTNC inapofungua taarifa yake kubwa ya habari kutoka mji mkuu, wakaaji wengi wa mashariki wamekwisha kula na, kama umeme upo, wanangoja. Ukiikosa taarifa hiyo si neno, utaikuta baadaye kwenye YouTube. Kazi iko kwa habari za jimbo, zile zinazotayarishwa na vituo vya RTNC vya Goma, Bukavu ao Kisangani. Mara kipande kimoja kiko Facebook, mara hakiko, na mara nyingi hakina tarehe.

Tarehe si jambo dogo. Mei 22, 2021, volkano Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye, Mei 27, gavana wa kijeshi akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Watu wakajaa barabara ya Sake, wengine wakapanda boti kuelekea Bukavu, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda. Nani alibeba televisheni kichwani? Walichobeba ni telefone. Na kwenye telefone, tangazo la jana na la leo yanafanana: sura ile ile, bendera ile ile. Mtu aliyetaka kujua kama mtaa wake umo kwenye orodha alitegemea WhatsApp, pamoja na uongo wake wote.

Ufaransa, televisheni ya umma France 3 ina taarifa za habari za kila eneo. Zikiisha kupita hewani, zinawekwa kwenye france.tv, nzima, na tarehe yake. Aliyehama Lille akaenda Marseille anaendelea kutazama habari za kwao. Kwetu watu hawahami kwa kupenda, kwa hiyo haja ni kubwa zaidi.

Kuna atakayesema mega ni ghali. Ni kweli, na video ya nusu saa inamaliza akiba ya mtu anayelipa hata kuchaji telefone. Lakini si lazima taarifa iwekwe nzima. Kipande cha dakika mbili juu ya barabara ya Masisi, chenye jina la mahali na tarehe, kinatosha. Sauti peke yake inakula mega kidogo zaidi; Radio Okapi inaweka za kwake kwenye mtandao, na watu wanazisikiliza.

Tena kuna swala la kumbukumbu. Januari 2025, M23 walipoingia Goma, kila picha iliyokuwa imehifadhiwa kituoni tu ilibaki huko huko. Vikao vya jimbo, ahadi za magavana, mazishi, masomo ya watoto: miaka ya maisha ya Kivu Kaskazini. Anayetafuta leo kile kiongozi fulani alichoahidi juu ya maji ya Goma anaomba kwa jirani, labda alirekodi kwenye telefone yake.