Mizani Haioni Misuli

Mkoa wa Kagera una sababu zake za kuogopa kukonda. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983, na kwa miaka mingi iliyofuata, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, mtu aliyeanza kupwaya ndani ya nguo zake alitazamwa kwa huruma au kwa shaka. Mwili mnene ukawa kama cheti cha afya. Ndiyo maana mtu wa Ngara au Biharamulo aliyeambiwa na daktari apunguze uzito kwa ajili ya shinikizo la damu au kisukari, akifanikiwa tu, hukutana na swali lile lile sokoni na kanisani: vipi, unaumwa? Wataalamu wa afya huiona hofu hii kama dhana potofu ya kufutwa kwa elimu. Naiona tofauti. Ndani yake mna jambo ambalo sayansi ya lishe inalikubali kabisa: kilichowadhoofisha wagonjwa wale hakikuwa kupungua kwa mafuta peke yake, bali kuyeyuka kwa misuli. Na anayejinyima kula ili kitambi kiishe, asifanye kazi yoyote ya nguvu, huanza kupoteza hicho hicho ambacho jamii inaogopa kukiona kikipotea.

Kuna atakayeuliza kama hii ni mada ya kuandikiwa wilaya hizi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kagera haimo kati ya mikoa yenye nafuu. Lakini mfululizo wa tafiti hizo hizo unasimulia na upande wa pili. Mwaka 2004/05, asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka 2010 wakafika asilimia 22, na mwaka 2015/16 asilimia 28. Matatizo haya mawili hayagawani wilaya, bali hukaa kijiji kimoja, wakati mwingine nyumba moja. Ngara na Biharamulo zimekatizwa na barabara kuu iendayo Rwanda na Burundi. Madereva wa malori hupita Nyakanazi na Lusahunga hadi Rusumo, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2016. Barabara hiyo ina watu wengi ambao kazi yao ni kukaa: madereva, bodaboda, wenye maduka, mawakala wa forodha na watumishi wa ofisini, na chakula kilicho karibu nao ni chipsi, chapati na soda. Hao ndio ninaowaandikia, si mkulima mwembamba wa milimani.

Tuanze na hesabu ambayo mizani haiwezi kuifanya. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya takriban kilokalori 7,700. Kilo moja ya misuli, ambayo kama robo tatu yake ni maji na sehemu moja kati ya tano ni protini, haina hata kilokalori 1,500. Maana yake ni kwamba mwili ukichoma misuli badala ya mafuta, uzito hushuka haraka zaidi kwa upungufu ule ule wa chakula. Kwa hiyo mlo mbaya huonekana mzuri kwenye mizani. Juma la kwanza hudanganya zaidi, kwa sababu wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini hutoka pamoja na maji yake, takriban gramu tatu za maji kwa kila gramu ya wanga. Mtu akishinda na chai ya rangi na ndizi moja, akapungua kilo tatu kwa siku saba, hana haki ya kusherehekea mpaka ajue kilo hizo zilikuwa za nini.

Mwili haujengi misuli mara moja ukaiacha. Kila siku protini za misuli hubomolewa na nyingine hujengwa, na ukubwa wa misuli hutegemea upande gani umezidi. Chakula kikipungua, ujenzi hulegea, na ini huchukua sehemu ya protini iliyobomolewa na kuigeuza sukari kwa ajili ya ubongo. Vitu viwili huweza kuzuia hali hiyo: protini ya kutosha kwenye mlo, na mkazo mkubwa ndani ya msuli wenyewe, ambao huiambia seli kwamba nyuzi hizi bado zinahitajika. Kutembea tu hakutoi mkazo wa kiasi hicho. Katika jaribio mashuhuri la njaa lililofanyika Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 waliojitolea walipewa chakula pungufu kwa wiki 24 huku wakitembea takriban kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na misuli ikaenda pamoja na mafuta. Waliporuhusiwa kula tena, mafuta yalirudi haraka kuliko misuli. Wale walikuwa wembamba tangu mwanzo, hivyo hali yao ilikuwa kali kuliko ya mtu mnene, lakini mwelekeo ni huo huo, nao unaeleza kwa nini mtu anayepunguza na kurudisha uzito mara kwa mara huishia na kitambi zaidi na nguvu kidogo.

Ushahidi wa upande wa pili ni wa karibuni. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha jaribio la vijana 40 wenye uzito uliozidi, waliopunguziwa nishati kwa asilimia 40 kwa wiki nne huku wakifanya mazoezi makali siku sita kwa juma, yakiwemo ya kunyanyua vyuma. Waliokula gramu 2.4 za protini kwa kila kilo ya uzito walipoteza kilo 4.8 za mafuta, na bado wakaongeza kilo 1.2 za tishu zisizo mafuta. Waliokula nusu ya protini hiyo walipoteza kilo 3.5 za mafuta na wakabaki na tishu zao karibu zote. Kundi lenye protini kidogo ndilo linalonivutia zaidi: hata kwao misuli haikuyeyuka. Kwa wazee, jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2017 liliwafuatilia watu 160 wanene wenye miaka 65 na zaidi. Makundi yote matatu yaliyofanya mazoezi yalipunguza asilimia 9 ya uzito. Waliofanya mazoezi ya pumzi peke yake walipoteza asilimia 5 ya tishu zisizo mafuta, waliofanya ya nguvu asilimia 2, na waliochanganya asilimia 3. Mifupa ya nyonga nayo ilidhoofika zaidi kwa kundi la pumzi peke yake. Katika mtihani wa shughuli za kila siku, waliochanganya ndio waliofanya vizuri kuliko wote.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu kile ambacho mazoezi hayafanyi, na ushahidi mzuri umetoka Tanzania yenyewe. Mwaka 2012 kundi la watafiti likiongozwa na Herman Pontzer lilichapisha vipimo vya matumizi ya nishati ya Wahadza 30, wawindaji na wakusanyaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Wahadza hutembea na kuchimba mizizi kila siku, lakini baada ya kuzingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Inaonekana mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Fundisho lake ni kwamba hakuna atakayekimbia mpaka chipsi mayai za kila jioni zifutike. Mafuta hupunguzwa hasa na sahani. Kazi ya mazoezi ya nguvu ni nyingine: ni kuamua mwili utachukua wapi kile kinachopungua.

Pingamizi la kwanza litatoka shambani: mtu anayelima kwa jembe, anayepandisha mkungu wa ndizi mlimani na kubeba kuni, anahitaji mazoezi gani tena? Mbebaji wa mkungu hahitaji, na hoja hii haimhusu. Lakini wengi hudhani kwamba kupalilia Jumamosi kunamtosha mtu aliyekaa siku tano. Jembe lina uzito ule ule mwaka mzima. Msuli ukishalizoea haupati sababu mpya ya kuongezeka, na kazi nyingi za shamba hujenga ustahimilivu kuliko nguvu. Tena kilimo kina msimu, na miezi ya kiangazi humwacha mtu wa mjini bila mzigo wowote.

Pingamizi la pili ni bei ya protini. Ni la haki, maana ndizi za kupika na muhogo, vyakula vikuu vya huku, vina takriban gramu moja au mbili tu za protini kwa kila gramu 100. Lakini nyama si lazima. Tuchukue mtu anayelenga kufikia kilo 70, na kiasi cha gramu 1.2 kwa kilo: anahitaji gramu 84 kwa siku. Gramu 300 za maharage yaliyopikwa zina takriban gramu 26, mayai mawili 12, nusu lita ya maziwa 17, gramu 40 za dagaa wakavu zaidi ya 20, na konzi ya karanga 8. Jumla inafika, kwa nishati ya kilokalori 1,200 hivi, na nafasi ya ndizi na mboga za majani bado ipo. Kinachobadilika ni uwiano: maharage yanakuwa mlo, ndizi zinakuwa kitoweo chake.

Pingamizi la tatu ni vyuma. Msuli hautambui chapa ya chuma, unatambua mkazo. Majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba hata mzigo wa asilimia 30 ya uwezo wa mtu hukuza misuli kama mzigo mzito, mradi arudie mpaka akaribie kuchoka kabisa. Dumu la lita 20 linatosha, kwa kuwa kila lita ya maji ni kilo moja. Anza na lita tano, chuchumaa na kusimama ukiwa umelikumbatia, lipandishe mpaka kifuani, livute kiunoni ukiwa umeinama, kisha piga pushapu, kwa kuanzia ukutani kama chini ni kugumu. Wiki ambayo marudio 12 yamekuwa rahisi, ongeza lita moja. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa juma kwa watu wazima wote, wanawake wakiwemo. Mwanamke anayeogopa kuwa na mabega ya mpiga mieleka hana sababu: homoni ya kiume inayosukuma ukuaji huo mwilini mwake ni kidogo mno, na anayekula pungufu hubahatika akiilinda misuli aliyonayo.

Mipaka ipo. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetibiwa kifua kikuu hawapaswi kujinyima. Mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za kisukari aongee na daktari kwanza, kwa kuwa protini kwa yule wa kwanza na kushuka kwa sukari kwa huyu wa pili vinaweza kudhuru. Na anayekonda bila kukusudia aende hospitali. Hapo hofu ya majirani ni sahihi neno kwa neno. Kwa wengine, kasi ya nusu kilo kwa juma inatosha, na vipimo viwe viwili: kamba ya kupima kiuno, na lita zilizomo ndani ya dumu. Kiuno kikipungua huku lita zikiongezeka, mafuta yanaondoka na misuli imebaki. Vyote viwili vikishuka pamoja, mlo umekuwa njaa, na anayeuliza kama unaumwa anastahili kusikilizwa.