Kutoka Kiabakari hadi Dar es Salaam: Saa za Angani na Saa za Mgonjwa

Umbali wa anga kati ya Mwanza na Dar es Salaam ni takriban kilomita 850, na ndege ya abiria huumaliza kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Kwa barabara, safari hiyo huzidi kilomita 1,100. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa Kiabakari aliyepewa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, saa moja na nusu ni sehemu ndogo tu ya safari.

Muda wa kuhesabiwa ni wa kutoka kitanda hadi kitanda. Barabara ya Kiabakari kupitia Bunda hadi Mwanza huchukua takriban saa 3. Uwanjani saa 2. Angani saa 1 na nusu. Kisha kushuka na kufika Upanga, saa 1 na nusu nyingine. Jumla ni saa 8. Mgonjwa anayehitaji lita 2 za oksijeni kwa dakika hutumia lita 180 angani, lakini lita 960 kwa safari nzima. Anayepiga hesabu ya ndege pekee atamwacha mgonjwa bila hewa njiani. Aidha, oksijeni ya ndani ya ndege huhitaji kibali cha shirika mapema.

Jambo la pili ni shinikizo la hewa. Ndani ya ndege hali huweza kufanana na ya mlima wa mita 2,400, hivyo oksijeni inayoingia mwilini hupungua na gesi iliyonaswa mwilini hutanuka. Mwanza iko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Anayeondokea huko gesi yake hutanuka kwa karibu sehemu moja ya sita. Anayeondoka Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, hutanukiwa kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo safari ya kurudi nyumbani baada ya upasuaji yaweza kuwa na hatari kubwa kuliko ya kwenda.

Mhudumu wa afya achunguze mapema hali hizi:

• Hewa iliyovujia kati ya pafu na ukuta wa kifua: mgonjwa asiruke mpaka eksirei ithibitishe kuwa imekwisha, kisha zipite siku 7.
• Upasuaji mkubwa wa kifua au tumbo: kwa kawaida husubiriwa siku 10 au zaidi.
• Gesi iliyowekwa jichoni wakati wa upasuaji: asiruke kabla haijaisha.
• Upungufu mkubwa wa damu: utathminiwe kabla ya safari.
• Plasta ngumu iliyofungwa chini ya saa 48: ipasuliwe kwa urefu.

Mgonjwa naye aulize kabla ya kukata tiketi: “Je, mwili wangu uko tayari kuruka?” Dawa na barua ya rufaa vikae kwenye mkoba wa mkononi, na miguu ichezeshwe mara kwa mara, garini na angani, ili damu isigande.